Naomba ushauri: SF6 na CFC-12 zinanipa umri tofauti wa maji ya kilindini

Wakuu, habari zenu. Nachambua data za maji ya kina kirefu ya Atlantiki ya Kaskazini, nataka kujua yana muda gani tangu yalipogusa hewa mara ya mwisho. Natumia SF6 na CFC-12, gesi za viwandani zinazoyeyuka majini kutoka hewani, ambazo kiasi chake huonyesha umri huo. Kwenye sampuli zilezile, SF6 inanipa umri mdogo kuliko CFC-12. Sehemu ya sababu naielewa: maji ya umri mbalimbali yamechanganyika, na SF6 ilianza kuongezeka hewani baadaye, hivyo inaelemea upande wa maji machanga.

Kwa hiyo natumia mgawanyo wa umri (yaani sehemu gani ya maji ina umri gani) badala ya umri mmoja. Wengi huchukua upana wa mgawanyo kuwa sawa na wastani wake, na hapo ndipo sina raha, maana sioni kwa nini uwe hivyo kila mahali. Je, nyinyi mnauacha ubadilike? Gesi mbili zinatosha kuubaini upana huo?

Chini kabisa CFC ni kama hakuna. Kaboni-14, kaboni yenye mionzi, hupungua nusu kwa miaka 5,730, polepole mno kwa maji ya karne chache. Agoni-39, gesi yenye mionzi inayopungua nusu kwa miaka 270 hivi, ingefaa, ila kuipima ni shughuli pevu. Aliyewahi kuitumia anieleze: sampuli iwe lita ngapi?