Wenye baiskeli wa njia ya Kwihara, kengele ni HODI! Mnatuvunja mikono

Wakuu, salaam. Wana Unyanyembe wenzangu wa Tabora, mwangaluka.

Naandika kwa mkono mmoja. Wa kushoto umefungwa na unaning'inia shingoni tangu Jumamosi, kwa hiyo nikikosea herufi mtanisamehe. Kwa hasira niliyo nayo siombi msamaha.

Mimi ni mama mtu mzima, nakimbia mwaka wa tatu huu. Nilianza kwa sababu ya presha, nikaendelea kwa sababu nimeupenda mchezo. Mara tatu kwa wiki natoka nyumbani alfajiri, nauacha mji wa Tabora nyuma, nashika njia ya Kwihara mpaka karibu na tembe la Livingstone, ile nyumba ya kale alimokaa yule msafiri Mzungu, nageuza. Wanaoijua njia ile wanajua ninachosema. Kando ya barabara kuna kijia kilichochongwa na miguu na matairi, kipana pale, chembamba hapa, na kuna sehemu ukinyoosha mikono yako miwili umekimaliza. Upande mmoja mchanga, upande mwingine mizizi ya miembe. Wakimbiaji tunakipenda kwa sababu ya magoti. Wenye baiskeli wanakipenda kwa sababu kimekandamizwa kikawa kigumu, tairi haizami. Sote tunakihitaji, hilo sibishi.

Jumamosi ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu. Walio Dar wataona ni asubuhi kabisa, lakini jua letu huku magharibi linachelewa karibu nusu saa kuliko lao, kwa hiyo ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Nakimbia zangu kushoto, polepole, sina kitu masikioni. Sikusikia kengele. Sikusikia mtu kuita, wala mluzi. Nilichosikia ni ule mlio wa tri-tri-tri-tri wa baiskeli ya gia mtu anapoacha kukanyaga pedeli ikawa inateleza yenyewe. Nilipoutambua, ncha ya usukani ilikuwa imeshanipata chini ya kiwiko. Nilikwenda mbele hatua mbili tatu nikitafuta pa kujishika, nikaangukia mzizi wa mwembe, mkono ukatangulia. Nikasikia kitu kifundoni kama kijiti kikavu.

Kijana alikwenda kama hatua kumi ndiyo akashusha mguu. Baiskeli ya kijani, nzuri, breki zote mbili zinafanya kazi maana nilimwona anavyosimama. Akageuka. Akachomoa kidude kimoja cha muziki sikioni, kimoja tu, akaniambia: "Mama, si ungesogea? Njia ni ya wote hii."

Nirudie, maana nimekaa na maneno haya siku nne. Mtu anayekuja nyuma yangu, ananiona mgongo wote, mimi simwoni, ana chuma na mwendo, ana breki, hana kengele, masikio kayaziba, ananiuliza MIMI kwa nini sikusogea. Nisogee kumpisha nani? Nina macho kisogoni?

Kisha akapanda akaenda. Pole hakusema.

Aliyeniinua ni baba mmoja wa mkaa. Nataka nimweleze vizuri kwa sababu nasikia watu wakiwalaumu watu wa mkaa kwa kila kitu kwenye njia zetu. Baiskeli yake Phoenix, rangi imekwisha, breki za vyuma zimebaki jina. Akitaka kupunguza mwendo anakandamiza tairi la mbele kwa soli ya kandambili. Nyuma gunia mbili zimelala, ya tatu imesimama juu yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama ghafla, na akitoka kwenye kijia tairi inazama mchangani anaanguka na mzigo. Wote hao hawana kengele. Lakini baba yule nilikuwa nimepishana naye siku nyingi, na ukiwa bado hatua thelathini mbele yake unamsikia: "Njia, mama, njiaaa!" Anaita mapema, anarudia, mpaka aone umegeuza kichwa. Akikupita anasema ahsante. Jumamosi ile aliegemeza baiskeli kwa ule mti wao wa panda, jasho linamtiririka, akanifunga mkono kwa kitenge changu, akanisubiri mpaka nikapata bodaboda. Kengele hana, ila adabu ya njia anayo.

Sasa nisikilizeni. Nimelelewa, na ninyi mmelelewa, kwamba ukifika mlangoni kwa mtu unapiga hodi, halafu unangoja. Hupigi hodi ukiwa umeshakaa kwenye kochi. Na ukipiga hodi usiitikiwe, hulibomoi mlango. Kengele ya baiskeli ni hodi. Unapiga kwa mbali, unapunguza mwendo, unangoja uone mwenzio amesikia, ndipo unapita, tena kwa nafasi. Asiposikia, piga tena, au ita. Asiposikia kabisa, huenda ni kiziwi, huenda ni bibi wa watu anatoka kliniki, huenda ni mtoto yuko kwenye mawazo yake: basi nyuma yake nenda taratibu mpaka njia ipanuke. Umepoteza nini? Nusu dakika?

Badala yake hapa kwetu kuna aina mbili. Kuna wasiopiga kabisa, kama huyu wangu. Na kuna wanaopiga wameshafika kisiginoni, ngri-ngri-ngri mfululizo, maana yake toka. Hawa wa pili kwangu ni wabaya sawasawa. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nikienda dakika 6 kwa kilomita ni kilomita 10 kwa saa, chini kidogo ya mita 3 kila sekunde. Kijana wa gia akiwa kwenye kilomita 25 kwa saa anakula karibu mita 7 kila sekunde. Akipiga kengele akiwa mita 4 nyuma yangu, nina sekunde moja: nisikie, nielewe inatoka wapi, niamue kulia au kushoto, na nihame. Binadamu akishtuliwa hivyo anaruka tu, na mara nyingi anaruka kule kule baiskeli inakokwenda. Wakigongana lawama ni ya aliyeruka!

Kuna jambo jingine ambalo hata sisi wakimbiaji hatujakaa tukakubaliana, na ndilo linalotugonganisha uso kwa uso. Shuleni tulifundishwa mtembea kwa miguu ashike kulia, ayaone magari yanayokuja. Chombo kinashika kushoto. Kwenye lami ni sahihi kabisa, niko tayari kumgombeza anayekimbia lami upande wa kushoto na malori mgongoni. Lakini chukua kanuni hiyo uilete kwenye kijia cha mita moja na nusu. Mimi nimeshika kulia kwangu, wewe unakuja umeshika kushoto kwako: tayari tuko mstari mmoja, pua kwa pua, na kila mmoja wetu ana haki! Wewe unahamia huku, nami nahamia huku huku. Unarudi, narudi. Mwisho mmoja anaingia kwenye miembe. Nimeyaona haya si chini ya mara kumi.

Mimi napendekeza hivi, na mwenye bora zaidi alete: tukiwa kijiani, wote kushoto, mwenye miguu na mwenye tairi. Anayepita apite kulia kwa mwenzake, baada ya hodi. Tukirudi lami, wakimbiaji turudi kulia. Na anayetoka nyuma ndiye mwenye jukumu lote, siku zote, kwa sababu ndiye anayeona.

Isipokuwa mwenye mzigo. Mwenye gunia, mwenye madumu ya maji, mwenye mama mjamzito kwenye karia, huyo tumpishe sisi, akitokea mbele au nyuma. Mimi nikiingia mchangani nachafua raba. Yeye akiingia mchangani anamwaga riziki. Mji huu uliinuliwa na wapagazi, watu wakasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Basi anayebeba apewe na njia.

Na wakimbiaji wenzangu msikae kimya mkidhani nimewasahau. Vikundi vyetu vya Jumapili vinakimbia wanne kwa safu, nyimbo juu, kijia chote kimezibwa, na mwenye baiskeli aliyepiga hodi kwa heshima anaambulia kelele. Hapo sisi ndio wakosaji. Halafu kuna ile tabia ya kugeuza ghafla: mtu anafika kwenye mwembe wake wa kugeuzia, anageuka pale pale bila kuangalia nyuma. Geuza shingo kwanza! Na vidude vya masikioni vinatuhusu wote. Ukitaka muziki acha sikio moja wazi, upande wa kulia, kwa maana huko ndiko unakopitwa.

Kituo cha polisi nilikwenda. Niliulizwa namba ya chombo. Baiskeli haina namba. Nikaambiwa nikimwona tena nitoe taarifa. Nimwone, nimkamate, kwa mkono upi?

NYONGEZA baada ya kusoma mlivyochangia:

Wa "mbio ni starehe, baiskeli ni kazi". Kijana aliyenigonga hakuwa kazini, alikuwa mazoezini kama mimi. Na nani kasema mbio ni starehe tu? Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, jirani zetu hapo, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa 2:09:48, na Mjerumani aliyekuwa naye mpaka kwenye utepe akapewa muda ule ule, tofauti yao sehemu tatu za mia za sekunde. Vipaji kama hivyo havianzii Tokyo. Vinaanzia kwenye vijia vya vumbi kama chetu, na asubuhi nakutana na watoto wa shule wanaojifua pale. Mnataka wa kwetu avunjwe goti na usukani akiwa na miaka kumi na nne?

Wa "hakuna nchi duniani yenye utaratibu wa hivyo". Uingereza walizifanyia marekebisho kanuni zao za barabarani tarehe 29 Januari 2022, wakaweka wazi kwamba anayeweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuwalinda wengine. Lori kwa gari dogo, gari kwa baiskeli, baiskeli kwa mtembea kwa miguu. Na kwa njia za pamoja wamesema wazi: usimpite mtu kwa karibu wala kwa kasi, hasa ukitokea nyuma yake; punguza mwendo, piga kengele au ita kwa adabu, ukijua kwamba huenda hasikii au haoni. Wala hawakuwaondolea wenye miguu wajibu wao. Sisi tuna Sheria ya Usalama Barabarani tangu 1973, na baiskeli zimejaa mji mzima kuliko magari, lakini kwenye vijia hivi hakuna hata kibao kimoja cha kusema nani ampishe nani. Kibao cha bati na rangi kinagharimu nini?

Aliyeniuliza kwa nini nisihamie uwanjani nizunguke huko: na bibi wa kliniki naye azunguke uwanjani?

Na wewe uliyeandika kwamba unamfahamu mwenye baiskeli ya kijani. Usimtaje jina hapa, sitaki watu wamfuate kwao. Mwambie mama aliyemgonga hadai hela ya dawa. Mkono nimeambiwa utapona kwa wiki sita. Mwambie anunue kengele, ile ya kawaida, fundi yeyote wa baiskeli mjini anayo, na Jumamosi aje njia ya Kwihara. Kukimbia siwezi bado, nitakuwa natembea, kushoto, kitenge shingoni. Akiwa bado hatua thelathini, aipige. Nitageuka, nitampisha.