Binti ana MS na anashuka darasani: arudie darasa?

Tulizo: Wanajamvi, naomba ushauri. Binti yangu wa miaka 13 ana MS (multiple sclerosis), ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo. Anatembea vizuri, ila masomo yameporomoka. Ukimtuma vitu vitatu analeta kimoja. Mwalimu anasema ni uvivu. Nafikiria arudie darasa.

Mkongojo: Simu hiyo! Mnyang'anye. Watoto wa siku hizi tunawadekeza.

Neva_Tatu: Simu haihusiki. Takriban theluthi moja ya watoto wenye MS hupata shida hii, na mara nyingi kinachopungua ni kasi ya ubongo. Kuelewa anaelewa, ila mwalimu akifika sentensi ya tatu yeye bado anaipanga ya kwanza. Kurudia darasa hakuongezi kasi. Omba apimwe: kuna kipimo cha sekunde 90 cha kuoanisha alama na namba, ajibu kwa mdomo ili mkono usimcheleweshe. Waangalie pia usingizi na sonona, navyo huleta usahaulifu. Anatumia dawa gani?

Tulizo: Za hospitali tu.

Neva_Tatu: Ipi, na anameza kila siku?

Tulizo: Fingolimod. Nilimwachisha mwezi uliopita, niliona ndiyo inampumbaza. Tangu hapo hajazidiwa, sasa nimrudishie ya nini?

Kipanga: Chai hii. MS ni ya watu wazima, mtoto wa miaka 13 kaipata wapi?

Shubiri: Si chai, mkuu. Wagonjwa 3 hadi 10 kati ya 100 huanza kabla ya miaka 18, na dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa watoto kuanzia miaka 10. Tulizo, ukiikatisha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo kuliko mwanzo, mara nyingi ndani ya wiki 12. Kutozidiwa mpaka leo si salama bado. Ila usimpe kimyakimya nyumbani! Akikosa zaidi ya wiki 2, dozi ya kwanza inaanzwa upya chini ya uangalizi wa saa 6, maana mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Piga simu kliniki kesho asubuhi.

Tulizo: Na shule?

Neva_Tatu: Peleka barua ya daktari: muda wa ziada kwenye mtihani, masomo magumu asubuhi, maelekezo moja moja tena kwa maandishi. Asikae dirishani penye jua, joto huzidisha dalili kwa muda.

Tulizo: Kliniki nitapiga. La kurudia darasa bado nalipima.