Nimerudi Dar, barua za serikali ya Denmaki bado zinanifuata

BintiSegerea:
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa waliowahi kuishi Denmaki.

Nimerudi Desemba baada ya miaka sita Aarhus. Nilikabidhi chumba, nikafunga laini ya simu, nikajiandikisha kwamba nimehama. Nikajua tumeachana. Juzi usiku nimefungua Digital Post, lile sanduku la mtandaoni la barua za serikali ya huko, kutafuta mkataba wa zamani, nakuta barua ya kodi imelala humo tangu Machi. Wanataka uthibitisho wa umbali niliokuwa naenda kazini, na siku ya mwisho ya kujibu imeshapita. Kidenmaki changu ni cha kununulia maziwa, nimeisoma mara tatu nimesimama koridoni.

Kumbe arifa zilikuwa zinakwenda kwenye laini niliyofunga na baruapepe ya kazini ambayo nayo imekufa. Kosa langu, sibishi.

Balaa jingine: MitID, kitambulisho cha kidijitali cha kuingilia humo, iko kwenye simu moja tu, na kioo chake kimeanza kuvuja wino. Doa jeusi limeshafika kwenye herufi P. Je, niombe waniletee barua za karatasi?

Mzee wa Ubungo:
Mwachie ndugu yako aliyeko huko MitID na namba ya siri, akusomee. Yameisha.

kigogo_odense:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo unampoteza. MitID ni kama saini yako, hairuhusiwi kumpa mtu hata kama ni pacha wako. Mwenye nayo anaweza kufika mpaka benki. Ndani ya Digital Post kwenyewe kuna sehemu ya kumpa mtu ruhusa ya kusoma, naye anaingia kwa MitID yake. Mimi dada yangu ananisomea hivyo.

Dada Segerea, leo hii kabla hujalala, weka MitID kwenye simu ya pili, hata ya mama, wakati hiyo yenye wino bado inaweza kuidhinisha. Kioo kikizima utajua hujui. Halafu badilisha baruapepe ya arifa, weka unayofungua kila siku. Kule barua ikishaingia kwenye sanduku inahesabika umeipata, usome usisome.

Karatasi unaweza kuomba, aliyehama rasmi anaruhusiwa kutolewa kwenye Digital Post. Ila itakuja wapi? PostNord wenyewe, shirika la posta la huko, waliacha kusambaza barua mwisho wa 2025, kazi hiyo sasa inafanywa na kampuni nyingine. Ikitoka huko ije itafute sanduku la posta Dar, na siku zao za kujibu zinakatika. Mimi nimebaki na ya kidijitali. Isitoshe, hela ya likizo uliyojiwekea kazini unaweza kuidai ukishahama, na majibu yanakuja humohumo. Hiyo barua ya kodi wajibu hata kama umechelewa.

BintiSegerea:
Asante sana kaka. Sanduku la posta lenyewe ni la ofisini kwa mjomba, na funguo anayo mhasibu. Karatasi nimefuta.

MitID imeingia kwenye simu ya mama saa nne usiku, umeme ukiwa umekatika, nachungulia namba pembeni ya doa. Ramani ya umbali nimeituma: kilomita 31 kwenda, 31 kurudi. Hiyo hela ya likizo sikuwa naijua kabisa, ngoja niingie.

Mama anauliza hao Wadenmaki wanataka nini tena kwenye simu yake.