Mrejesho: zile picha za marehemu ami zilizoshika ukungu

Wapendwa shukran sana, ni mimi nlieuliza vipi tutapanga picha za marehemu ami yangu mchoraji hapa Mji wa Kale, wakfu wake hauna hata daftari la kuorodhesha picha na zengine zishashika ukungu. Basi tumeanza. Kila moja tumeipa namba, mwaka tulioipokea kisha namba yake, yaani 2024.001 hivi, tukaandika kwa penseli kwenye mbao za fremu nyuma, sio peni wala stika maana wino hupenya na gundi huacha doa. Tukazipiga picha mbele na nyuma, na huko nyuma ndo kuna mali jamani! Kanvasi moja tuliigeuza tukakuta karatasi imebandikwa, mwandiko wake mwenyewe, jina la mnunuzi na "bado nusu", nkalia wallahi. Msibandue vikaratasi wala kufuta mihuri, ndo historia ya picha hiyo.

Zenye ukungu tumezitenga, mbali na ukuta wa matumbawe unaotoa unyevu, na hatujazipangusa na kitambaa cha maji kama nlivyotaka, alienizuia hapa kwenye majibu yenu Mungu ambariki. Sasa twazunguka kwa wazee waliomjua tukiwarekodi, mmoja kashatutajia madau matatu aliyoyachora ami yalikuwa ya nani.