Warlock wa rasimu ya 5 au wa kitabu cha 2024: yupi anafaa mezani?

KeteMbili (ameanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Mimi ni DM (mwendesha mchezo) wa meza ya wachezaji watano, wote leveli ya 5, tunacheza D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa kete wa kuigiza wahusika) Jumamosi jioni. Mchezaji wangu wa Warlock, moja ya klasi (aina za wahusika) za wachawi, amechoka na nafasi zake mbili za uchawi, yaani anarusha uchawi mkubwa mara mbili tu kisha asubiri apumzike. Ameenda kuchimbua rasimu za majaribio ambazo Wizards of the Coast, wenye mchezo, walizitoa 2023, na sasa ananiomba atumie Warlock wa rasimu ya 5, ile ya Aprili. Mwenye Wizard, klasi nyingine ya wachawi, kasikia, naye kaja na lake: anataka Modify Spell, uwezo wa kuugeuza uchawi, kutoka rasimu hiyohiyo.

Kwa ambao hawakuzifuatilia: rasimu ya 5 ilimwondolea Warlock ile Pact Magic ya tangu zamani, yaani nafasi chache lakini kubwa, zinazorudi hata baada ya mapumziko mafupi (ya saa 1). Akawa mchawi nusu kama Paladin, nafasi nyingi ndogondogo zinazorudi baada ya mapumziko marefu (usingizi wa usiku). Rasimu ya 7, iliyotoka Septemba, ikamrudishia Pact Magic, na ndivyo alivyoingia kwenye kitabu rasmi cha wachezaji cha 2024. Mimi moyo unanituma nimkubalie, maana kijana anakaa kimya nusu ya pambano. Mnaonaje?

Mwanamaji

Mkuu, kabla hujamjibu, weka hesabu mezani.

Leveli ni ya mhusika, ngazi ni ukubwa wa uchawi. Leveli ya 5, Warlock wa rasimu ana nafasi 4 za ngazi ya 1 na 2 za ngazi ya 2. Jumla 6 kwa siku, basi. Wa kitabu ana nafasi 2, lakini zote za ngazi ya 3, na zinarudi kila mapumziko mafupi. Mkipumzika mara mbili kwa siku, huyo wa kitabu naye amepata 6, tena zote za ngazi ya 3. Juu yake kuna Magical Cunning: ibada ya dakika moja, inamrudishia nafasi 1 kwa siku. Zimefika 7.

Msipopumzika kabisa, wa kitabu ana 3 tu dhidi ya 6 za wa rasimu. Kwa hiyo swali langu kwako si la Warlock hata kidogo. Siku moja ya kampeni yenu ina mapumziko mafupi mangapi?

KeteMbili

Ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna. Tunakuwa na pambano moja kubwa, kisha wanarudi mjini kulala.

Mwanamaji

Basi ugonjwa uko kwenye ratiba ya siku, na huyo kijana ndiye anayeumia zaidi. Fighter (mpiganaji) wako naye anaumia, hajasema tu.

JiniLaKisima

Nampinga kaka Mwanamaji kidogo. Namba ni sahihi, lakini namba hazionyeshi anachofanya mchezaji zamu yake ikifika.

Chukua pambano la darajani, maadui wanane upande wa pili. Warlock wa kitabu zamu ya kwanza anarusha Hypnotic Pattern, nusu ya maadui wanaduwaa. Zamu ya pili, Eldritch Blast, pigo lake la kawaida lisilokula nafasi. Ya tatu, Eldritch Blast. Ya nne, vilevile. Ile nafasi ya pili anaiwekea dharura, na mara nyingi dharura haiji. Warlock wa rasimu anaanza na Hex, anamchagua jemadari wao. Akizingirwa anatoka kwa Misty Step. Wakijikusanya darajani anawapiga Shatter. Kila zamu ana jambo la kuamua, ingawa kila moja ni dogo.

Nilimwendesha huyu wa rasimu kipindi kile yalipokuwa majaribio, na kusema kweli nilimpenda leveli za chini. Uamuzi ulikuwa mwingi, na nikaacha kuwabembeleza wenzangu tupumzike.

Ila kuanzia leveli ya 9 ladha inaisha. Wa kitabu anarusha uchawi wa ngazi ya 5. Wewe wa rasimu una nafasi 9, na kubwa kuliko zote ni ya ngazi ya 3. Ukitaka cha juu zaidi unatoa invokesheni (uwezo maalumu wa Warlock anaojichagulia) kwa ajili ya Mystic Arcanum, na hapo unapata uchawi mmoja, mara moja kwa siku. Invokesheni ndizo zinazomfanya Warlock wako asifanane na Warlock wa mwenzako. Kuziuza ili ununue kile ambacho klasi nyingine zinapewa bure, hilo lilinikera.

MkobaWaNyota

Naomba niongelee Wizard, maana naona mnampita na yeye ndiye hatari.

Mkuu KeteMbili, Modify Spell USIIKUBALI. Nimecheza Sorcerer, klasi ya tatu ya wachawi, miaka mingi, na klasi hiyo ina kitu kimoja cha kujivunia: Metamagic, kuugeuza uchawi wakati unaurusha. Tunalipia. Leveli ya 5 una pointi 5 za siku nzima, na Careful Spell tu, ya kuwakinga wenzako wasiumie vibaya, inakula 1. Rasimu ya 5 ikamchukua Wizard, mwenye orodha ndefu ya uchawi kuliko sisi sote, ikamwambia naye ageuze: masafa, aina ya madhara, nani aguswe na nani asiguswe. Zaidi ya hapo, umakini wake, ule unaoushikilia uchawi uendelee kufanya kazi, usivunjike akipigwa! Adui ana njia gani ya kumzima Wizard wa namna hiyo? Halafu ikaja Create Spell, analipa dhahabu na ule uchawi uliogeuzwa unabaki kitabuni mwake moja kwa moja.

Rasimu ya 7 iliviondoa vyote viwili, na walifanya haki. Kilichobaki ni Memorize Spell: leveli ya 5, baada ya mapumziko mafupi, unabadilisha uchawi mmoja ulioandaa. Hicho kinamfaa mtu wa vitabu na hakimnyang'anyi mtu chake. Sisi nasi tukapata Innate Sorcery: dakika moja uchawi wetu unakuwa mgumu kukwepwa kwa 1, na ukirusha wa kulenga unatupa kete mbili na kuchukua iliyo kubwa. Mara mbili kwa siku. Hapo kila mmoja ana lake.

Na kwa vyovyote Modify Spell haimfikii Wizard wa leveli ya 5. Anaomba cha mbele huko.

JiniLaKisima

Hapo kwa Wizard naunga mkono mia kwa mia.

KeteMbili

Nimewaelewa. Wizard namwambia hapana, na namwonyesha Memorize Spell, maana nahisi hajaisoma. Kama hatupumziki, hajawahi kuitumia. Warlock abaki na kitabu. Nafikiria mapumziko mafupi yawe dakika 10 badala ya saa 1, ili yaingie hata katikati ya pango. Kuna madhara?

Mwanamaji

Yapo, lakini ya kheri. Monk atarudishiwa pointi zake zote kila mara, Fighter atapata Action Surge (tendo la ziada katika zamu) tena. Weka kikomo cha mara mbili kwa siku, na ongeza pambano moja dogo kabla ya lile kubwa. Bila hilo la pili, watapumzika kabla hawajachoka, na Warlock wako ataingia darajani na nafasi zilezile mbili.