Mfalme wa kurithi ndani ya demokrasia: anabaki kwa kazi gani?

Mlalahoi_wa_Pwani: Wakuu, naomba kueleweshwa. Sweden, Ubelgiji, Australia, wote wanachagua wabunge wao, ila mkuu wa nchi kapatikana kwa kuzaliwa tu. Barbados walimwondoa Malkia Elizabeth wa Uingereza 2021 bila kelele; Australia walipiga kura 1999 wakakwama. Tofauti iko wapi? Na akibaki, ana madhara gani?

Ibara_kwa_Ibara: Anza na utaratibu wa kubadili katiba. Barbados walihitaji theluthi mbili za mabunge yote mawili, basi, kura ya maoni haikutakiwa. Oktoba 2021 Bunge likamchagua Sandra Mason kuwa rais, na tarehe 30 Novemba akaapishwa. Huyo ndiye aliyekuwa Gavana Mkuu, yaani mwakilishi wa Malkia! Mtu yuleyule, kazi karibu ileile.

Australia, ibara ya 128 inataka wengi nchi nzima, pamoja na wengi katika majimbo yasiyopungua manne kati ya sita. Ndiyo ilipata 45%, na hakuna jimbo hata moja lililokubali. Lakini usidhani wote waliokataa walimpenda Malkia. Swali lilikuwa la rais anayeteuliwa na theluthi mbili ya wabunge, na wapo waliotaka jamhuri ila rais achaguliwe na wananchi. Hao wakapiga Hapana. Mambo mawili yalifungwa kwenye swali moja.

Karani_Mstaafu: Kuhusu madhara, achaneni na taji, angalieni kalamu iko mkononi mwa nani: anayeteua Waziri Mkuu, anayevunja Bunge, anayesaini sheria.

Ubelgiji, Aprili 1990, Mfalme Baudouin aligoma kusaini sheria ya utoaji mimba kwa sababu ya dhamiri yake. Serikali ikatangaza kwamba hawezi kutawala, mawaziri wakasaini kwa niaba yake, na kabla hazijapita siku mbili Bunge likamrudisha kitini. Ibara iliyotumika iliwekwa kwa mfalme asiyejiweza, siyo kwa mfalme aliyegoma.

Sweden mwanya huo waliuziba kwa katiba ya 1974. Spika ndiye anayependekeza Waziri Mkuu, Bunge linapiga kura, na sheria haipiti mezani kwa mfalme. Mfalme wa namna hiyo kwangu mimi abaki tu, hana cha kuharibu.

Mlalahoi_wa_Pwani: Kwa hiyo mkimwondoa, kalamu nayo inaondoka?

Ibara_kwa_Ibara: Haiondoki, mkuu, inahamia kwa mwingine. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, Malkia Elizabeth aliendelea kuwa mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull, huku Waziri Mkuu akiongoza serikali. Jamhuri ilipoingia 9 Desemba 1962, viti hivyo viwili vikawa kimoja, cha rais mtendaji. Barbados waliviacha viwili.

Karani_Mstaafu: Na Australia hawajasahau 11 Novemba 1975. Seneti ilizuia fedha za serikali, Gavana Mkuu John Kerr akamfukuza Waziri Mkuu Gough Whitlam, aliyekuwa na wabunge wengi kwenye bunge la chini. Malkia hakuwa ameombwa ruhusa, maana katiba ilimpa Kerr mamlaka hayo moja kwa moja. Ukiletewa rasimu ya jamhuri, ruka utangulizi. Tafuta kwanza ibara ya kumwondoa Waziri Mkuu, uone kama imeandikwa lini inaruhusiwa na lini hairuhusiwi.