Tupeane uzoefu: Unalipaje madeni yako bila kukata tamaa? (Unguja na Pemba)

Fundi wa Fuoni
Assalam alaykum ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, na alhamdulillah nimemaliza deni langu la mwisho. Wenzangu wa kazini wananiuliza nimefanyaje, nikaona bora tusimuliane sote hapa. Habari ya "punguza matumizi" tuiache, kila mtu anaijua. Semeni mnaandika wapi, mnaanza kumlipa nani, na moyo ukivunjika katikati mnafanya nini.

Naanza mwenyewe. Nilikuwa nadaiwa na mwenye duka la vitambaa Darajani (nilichukua kwa mali kauli, yaani mzigo kwanza, pesa baadaye), kikundi chetu cha kuweka na kukopa, dada yangu, na mkopo wa simu. Nikanunua daftari la hesabu, kila anayenidai nikampa ukurasa wake: tarehe niliyochukua, kiasi, tulivyokubaliana, na chini yake kila ninacholipa hata kama ni elfu mbili.

Wa kwanza kumaliza ulikuwa mkopo wa simu, kwa sababu huo ndio unaozaa. Dada na mwenye duka hawaongezi hata shilingi. Wengi tunakimbilia kumlipa yule tunayemuonea haya, huku lile deni lenye riba linazidi usiku na mchana. Nilikwenda kwa dada nikamwambia, "Dada, wewe utakuwa wa mwisho, na sababu ni hii." Akakubali palepale.

Kazi yetu ni ya msimu. Pesa inaingia Ramadhani kwa nguo za sikukuu, kisha harusi za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata. Nguo ikitoka mkononi, fungu la deni linatoka hapohapo, na jioni nalituma. Pesa ikilala ndani, asubuhi imeshapata kazi nyengine.

Mwenye duka, Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam. Mie niko upande wa pili, mie ndiye ninayedai, na naomba mnisikilize.

Anayenivunja moyo si anayelipa kidogo. Ni anayebadilisha njia. Nna mteja, mama mmoja, mumewe mvuvi. Kusi likichachamaa vyombo havitoki, na pale kwao hapaingii kitu. Lakini siku tuliyoahidiana haijafika, yeye keshafika: "Muuza duka, wiki hii hali mbaya, nna hii elfu moja, iandike." Naiandika mbele yake. Mama huyo sijapata kumnyima kilo ya mchele. Kuna mwengine ana mshahara wa kila mwezi, deni lake dogo kuliko la yule mama, na hata msikitini anatokea mlango wa pili asikutane na mie. Huyo simkopeshi tena, na si kwa sababu ya pesa.

Kuhusu kuandika, aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani ni ya deni, Suratul Baqara aya ya 282. Inataka liandikwe na lishuhudiwe, na anayedaiwa ndiye amtajie mwandishi. Kwa hivyo kwangu mkopaji anataja mwenyewe, mie naandika, kisha namsomea. Tangu nianze hivyo ugomvi wa "mbona umenizidishia" umekwisha. Na aya ya 280 inatuhusu sisi wadai: mdaiwa akiwa na dhiki, asubiriwe mpaka afarijike. Lakini nitajuaje kama una dhiki au unanikimbia, ikiwa hunambii?

Mkulima, Mtambwe
Kaka mwenye duka umesema kweli. Kwetu Pemba madeni mengi yanazaliwa kwenye karafuu na yanafia hukohuko. Mtu ana ada ya skuli, ana mgonjwa, anauza mazao yangali mtini kwa bei ya shida. Msimu ukifika anachuma mali ambayo si yake tena, na mwaka ujao anarudi kulekule.

Mie nilijitoa kwa hesabu moja tu: deni nalipigia karafuu kavu, si mbichi. Karafuu mbichi ukiianika inabaki kama theluthi ya uzito wake. Ukitazama magunia yanavyoshuka kutoka shamba ukaanza kuwaahidi watu, umeahidi maji. Na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana, mwaka unaofuata unaweza kukuacha mikono mitupu. Ndio maana mwaka wa neema sikopi kitu kipya, hata bati la nyumba.

Utaratibu wetu nyumbani uko hivi. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, jioni ileile, maana jasho la mtu halingoji. Usiku tunakaa barazani, watoto na bibi yao, tunachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, vidole vyote vinanuka karafuu. Karafuu zinakwenda jamvini, makonyo yanawekwa mbali. Pesa ya makonyo ni ndogo, hiyo ndiyo ya kula. Ya karafuu haiguswi. Nikitoka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nina stakabadhi yangu mfukoni, napitia kwa mdai kwanza ndipo nafika nyumbani. Stakabadhi anakaa nazo mke wangu, na yeye ndiye anayejua tumebakisha ngapi. Siku nikitaka kulegea, ananisomea.

Mama wa mwani, Jambiani
Mimi nawaambieni wanawake wenzangu: msikubali mkopo unaolipwa kwa siku ambazo nyinyi hamna pesa. Mwani tunauvuna kwa bamvu, maji yakikupwa sana. Tangu kufunga mbegu mpaka kuvuna ni kama wiki sita, na maji yakipata joto ule wa aina ya kotonii unakufa wote. Sasa mtu anakuja kukukopesha, anataka marejesho kila wiki! Mimi nilikataa. Nikakopa kwenye kikundi chetu, nikaomba nilipe bamvu kwa bamvu, wakaniandikia hivyohivyo. Bamvu lililoharibika nilipeleka kidogo nilichokuwa nacho tu, wakakipokea.

Mhudumu wa hoteli, Nungwi
Sisi Aprili na Mei mvua ya masika ikianza wageni hakuna, wengine tunarudishwa nyumbani bila mshahara. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapotukamata. Mjue kuwa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Ulizeni kwanza kama anayekukopesha ana leseni. Kuna mkopeshaji mmoja alipiga simu kwa watu wote waliomo kwenye simu yangu, hadi mama mkwe.

Mimi nalipa kwa mafungu makubwa Julai, Agosti na Disemba, na masika nalipa kidogo sana, lakini silipi sifuri. Moyo ukivunjika nafungua ukurasa wa niliyokwishalipa. Ule wa yaliyobaki naufungua siku ya mshahara tu.

Dada wa Magomeni
Nimesoma yote, nimelia. Mie deni langu la sare za harusi na mchezo wa mtaani wa kupokezana pesa kwa zamu, na mume wangu halijui. Naona haya. Tumelelewa na sitara, hatutoi ya ndani nje.

Fundi wa Fuoni
Dada yangu, sitara ni kuwafichia wengine, mumeo si mtu wa nje. Nami nimeona kwa wateja wangu wengi: deni lililojificha halilipiki, kwa sababu kila shilingi inayotoka inahitaji uongo wa kuifunika. Kwanza liandike lote, jina la kila mtu na kiasi. Kisha mwambie mkiwa wawili, pesa za sikukuu hazijaanza kupangwa. Nenda na karatasi, uwe umeshaandika utalipa nini mwenyewe na wapi unaomba msaada wake. Ukihofia kuanza, mtafute shangazi yake au mtu mzima anayemsikiliza, akae nanyi.

Mkulima, Mtambwe
Na huo mchezo wa mtaani, zamu yako ikifika usichukue sare nyengine. Pesa yote ipeleke kwa wanaokudai siku hiyohiyo.

Fundi wa Fuoni
Wa Micheweni na Makunduchi, na nyinyi mnaokatwa mshahara benki, hatujawasikia bado. Mnaishije na kinachobaki?